Nimpeleke shangazi nyumba ya wazee, au nitakuwa nimevunja amana?

Barua

Asalaam alaykum mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wanne, mwalimu wa skuli ya msingi, naishi Fuoni hapa Unguja. Naomba jina langu lisitajwe. Kisiwa hiki tunajuana, na jambo lenyewe limeshaleta maneno ya kutosha katika ukoo.

Ninaye shangazi yangu, dada wa baba, tumbo moja. Ndiye aliyenilea kule Wete, Pemba, mama alipofariki, nikiwa sijaanza hata skuli. Yeye mwenyewe hakujaaliwa kuzaa. Umri wake wote amesomesha chuo barazani kwake. Nusu ya mtaa ule wameshika Juzuu Amma mbele yake, na bakora yake mpaka leo wanaihadithia. Sasa ana miaka 78. Pencheni jamii, ile ya Serikali kwa wazee, anapokea.

Mwanzo ilikuwa kusahau tu. Anauliza jambo moja asubuhi kutwa, anatia chumvi kwenye mchuzi uliokwisha tiwa, anawaita wanangu kwa majina ya ndugu zake waliokwenda zamani. Tukasema uzee huo. Mpaka siku jirani wa Wete aliponipigia simu kwamba shangazi amewasha seredani, jiko la makaa, chumbani, akafunga dirisha, akalala. Mungu alimnusuru. Nikapanda boti, nikamfuata, nikaja naye kwangu.

Huu ni mwaka wa tatu. Asubuhi ni mtu na akili zake. Anakunywa chai, anasikiliza redio, anamkosoa mwanangu mdogo anaposoma, na akianza Yasin anaimaliza asikose herufi. Jua likishaanza kuteremka anageuka. Anavaa buibui, anafunga kanga mbili na msahafu katika kifurushi, anakwenda kusimama mlangoni: "Nipelekeni kwetu. Magharibi inaingia, mama ananingoja." Mama yake alifariki kabla ya Mapinduzi. Nikimwambia hivyo analia kilio cha mtu aliyepata habari sasa hivi, halafu hata nusu saa haijesha anauliza tena. Siku moja alitoka hatukumwona, akapatikana sokoni Mwanakwerekwe, amekaa chini na kifurushi chake. Tangu hapo geti linafungwa kwa kufuli.

Adhuhuri anaswali, anakunja msala, anakaa kidogo, anautandika tena. "Sijaswali." Siku nyengine mara nne, mara tano. Mume wangu alijaribu kumweleza kwamba ameshaswali, akaambiwa yeye kafiri. Tulicheka, lakini si siku zote tunacheka. Kumkogesha imekuwa vita. Usiku halali, anahamisha vitu. Binti yangu mkubwa, yuko Kidato cha Tatu, ndiye anayelala naye chumba kimoja. Duka la dawa walitushauri tumpe Piriton ili apate usingizi. Kuna siku inasaidia, kuna siku anaamka amechanganyikiwa zaidi.

Mwezi wa Shaaban aliteleza chooni akajigonga kichwa. Hakutoka damu, tukamkanda. Tangu katikati ya mfungo naona amezidi: anasinzia mchana, anaburura mguu mmoja, maneno yanampotea mdomoni. Hospitali anahudhuria kliniki ya presha tu, na huko waliniambia haya ni mambo ya umri.

Kaka yangu yuko Muscat. Amepata habari za nyumba ya kulea wazee ya mtu binafsi, nje ya mji, shilingi 450,000 kwa mwezi, na yuko tayari kulipa. Nilikwenda kuiona, saa nne asubuhi. Safi, sakafu inang'ara, wazee wamekalishwa safu moja mbele ya televisheni. Mwenye nyumba mkarimu, akanipa soda. Nilipomweleza habari ya magharibi akasema, "Usijali, hao tunawapa dawa, wanalala." Nikatoka nusu nimeridhika, nusu sikuridhika.

Mdogo wangu aliyebaki Wete hataki kusikia. Anasema nyumba za wazee ni za watu wasio na wenyewe, ni aibu, na shangazi arudishwe Pemba kwani nyumba yake ipo na mkewe atamwangalia. Ami yetu anasema huyu kapandwa na jini, apelekwe kwa mganga. Mume wangu hasemi kitu, na kimya chake nakielewa.

Baba alipokuwa katika kutoka roho alinishika mkono, akaniambia, "Dada yangu ni amana kwako. Usimwache." Suratul Israa inasema tusiwaambie wazazi hata "ah", na mimi siku hizi hiyo "ah" naishi nayo. Nikimpeleka pale, nitakuwa nimevunja amana? Nisipompeleka, naogopa nitaanguka mimi.

Aliyeelemewa, Fuoni

Jibu

Wa alaykum salaam, dada yangu.

Nitalijibu suala lako, lakini kuna jambo moja katika barua yako haliwezi kungoja kikao cha familia. Shangazi alianguka Shaaban, akajigonga kichwa. Wiki chache baadaye akaanza kusinzia mchana, kuburura mguu na kupotewa na maneno. Umeyaandika haya katikati ya mengine kana kwamba ni sehemu ya kusahau kwake. Huenda siyo.

Kwa mtu mzima wa umri ule, ubongo huwa umesinyaa kidogo, na mishipa midogo iliyo baina ya ubongo na fuvu huwa imevutika. Kugonga kidogo tu, pasipo jeraha wala damu ya kuonekana, kunaweza kukata mshipa mmojawapo. Damu ikavuja polepole, wiki baada ya wiki, mpaka inaubana ubongo. Dalili zake ndizo hizo ulizozitaja. Hatari huzidi kama katika dawa zake mna aspirini au dawa nyengine ya kufanya damu iwe nyepesi. Inawezekana pia kuwa amepata kiharusi kidogo, kwa kuwa ana presha. Vyovyote iwavyo, mpeleke hospitali kubwa leo, usingoje tarehe ya kliniki. Na daktari akikuuliza kilichowaleta, usianze na kusahau. Anza na kuanguka: lini, wapi alipojigonga, mguu gani unaoburura na tangu lini. Uliza kama anahitaji kipimo cha CT cha kichwa, yaani picha ya ndani ya fuvu. Damu ya namna hiyo ikigundulika mara nyingi huweza kutolewa, na mgonjwa akarudi pale alipokuwa kabla ya kuanguka.

Mkiwa huko, chukua na mfuko wa dawa zote anazokunywa, pamoja na hiyo Piriton. Dawa hiyo ni ya mafua na mzio. Usingizi ni athari yake ya pembeni, na kwa wazee huvuruga kumbukumbu, hufunga mkojo na huongeza kuanguka. Asubuhi zile anazoamka amechanganyikiwa zaidi, angalia kama si zile zinazofuata usiku aliopewa. Muombe daktari apime pia mkojo, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12. Maambukizi ya mkojo peke yake yanaweza kumvuruga mzee akili kwa siku mbili tatu, watu wakadhani maradhi yamepanda daraja. Macho na masikio vilevile: mwenye mtoto wa jicho akiona kivuli jioni, si ajabu akaona mtu.

Hayo yote yakishaangaliwa, nadhani bado litabaki lile mlilolianza kuliona Wete, na lina jina: dimensia. "Mambo ya umri" ni kauli tunayoisikia sana, hata kwa watu waliosoma, lakini wazee wengi hufika miaka 90 na zaidi bila ya kumtafuta mama yao mlangoni. Haya ni maradhi ya ubongo. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 wanaoishi nayo, na wengi wao wako katika nchi za kipato kama chetu. Aina inayoongoza ni Alzheimer. Nyengine hutokana na mishipa ya damu kuharibika, na hapo presha ina mkono wake. Dawa ya kuyaponya haijapatikana. Presha yake ikishikwa vizuri, hata hivyo, huenda kuna sehemu ya kuporomoka ikacheleweshwa.

Ami yenu usigombane naye. Kisomo kwa mwanamke aliyeishi na Qur'ani si kibaya, pengine kitamtuliza kuliko chochote. Kataa tu anachoweza kudhurika nacho: dawa za kunywa zisizojulikana, kufukizwa moshi, kufungwa, kupigwa ili "atoke".

Sasa suala lenyewe. Kama nimekuelewa, unaniuliza mambo mawili uliyoyafunga pamoja: shangazi akae wapi, na wewe ni mtu wa namna gani akikaa kwengine. La pili ndilo linalokukosesha usingizi, na ndilo linalokuzuia kuliangalia la kwanza kwa utulivu.

Baba yako alipokushika mkono, dada yake alikuwa mzima, anasomesha chuo, anajipikia. Hakumwona huyu wa leo. Alikuomba usimwache. Je, alikuomba umhudumie peke yako, usiku na mchana, huku una watoto wanne na darasa la watoto wa watu? Na je, mtu anayelipa mlinzi mwaminifu, akenda kila jioni kuangalia, akauliza, akakagua, amekiacha kitu alichopewa? Sikupi jawabu, kwa sababu ulikuwepo wewe chumbani na si mimi. Ila ningependa ujiulize kama sauti unayoisikia usiku inasema yale aliyoyasema baba, au ishaongezewa maneno. Kama jambo la kidini linakukaa moyoni, mfuate sheikh unayemuamini umuelezee hali nzima, na kufuli na usiku, usimuulize kwa ufupi "inafaa au haifai".

Kuna mtu mmoja katika barua yako ana sentensi moja tu. Binti yako. Yuko Kidato cha Tatu, mwakani ana mtihani wa taifa, na analala chumba kimoja na mgonjwa asiyelala. Kaka ana rai, mdogo wako ana rai, ami ana rai. Huyu mtoto ana zamu, na hakuna aliyemuuliza. Muulize, mkiwa wawili, nje ya nyumba. Na uwe tayari kwa majibu yote mawili: huenda amechoka na anaona haya kusema, huenda pia anampenda bibi yake na atachukia akiondolewa chumbani bila ya kuambiwa.

Magharibi nayo ina la kufanya hata kabla hujaamua lolote. Wagonjwa wengi wa dimensia huchafuka jua linapozama. Uchovu wa kutwa, vivuli na giza vinachangia. Shangazi anapodai "kwetu", usifanye haraka kudhani anadai nyumba ile ya Wete yenye mabati na baraza yake. Sikiliza anavyosema: magharibi inaingia, mama anangoja. Huyo ni mtoto wa kike wa Pemba aliyekatazwa kuwa nje wakati wa magharibi. Anachotaka ni kuwa salama ndani kabla ya adhana. Kwa hiyo usimpe tena habari ya kifo cha mama yake. Kila unapomwambia anafiwa upya, na faida haipo. Hulazimiki kusema uongo pia. Muulize, "Mama alikuwa akipika nini jioni?" Mwache azungumze. Washa taa zote mapema, kabla giza halijaingia pembeni mwa ukumbi. Mshike mkono na kifurushi chake mzunguke uwanjani, mrudi ndani kupitia mlango ule ule, umkaribishe.

Na ningejaribu jambo moja jengine. Baada ya alasiri, mtandikie mkeka barazani, umwitie wanao na watoto wawili watatu wa jirani, wasome mbele yake. Yasin haijamtoka, mambo yaliyozama tangu utotoni hudumu kuliko ya jana. Saa yake mbaya huenda ikapita akiwa mwalimu. Huenda isipite, na usijilaumu, lakini kujaribu hakugharimu kitu. Swala za kurudia ziacheni. Hazimdhuru mtu, na dini yenyewe inamnyanyulia kalamu asiyekuwa na akili timamu. Mume wako atasamehewa huo ukafiri kufika Isha.

Tuje kwenye nyumba ya kaka yako. Ulikwenda saa nne asubuhi, saa ambayo hata nyumbani kwako shangazi ni mtu na akili zake. Kama unataka kuijua nyumba ile, nenda magharibi, na usipige simu kabla. Simama tu. Sikiliza mhudumu anavyomwita mzee: kwa jina lake, kwa "bibi", au kwa "wewe"? Sakafu inayong'ara husafishwa kwa ajili ya wageni. Wewe tazama kucha, visigino, midomo kama imekauka, na kama kikombe cha maji kiko pahala mkono wa mzee unapofika. Tazama kama kuna mzee anayelia na hakuna aliyegeuka. Uliza usiku wanabaki wahudumu wangapi na wazee ni wangapi. Uliza nani anawakogesha wanawake. Shangazi yako aliyevaa buibui umri wake wote hatakubali mkono wa mwanamme, na akikataa, uliza wanafanyaje. Mzee akianguka usiku, nani anaitwa, gari liko wapi, na familia inaambiwa saa ngapi?

Ile kauli ya "tunawapa dawa, wanalala" irejee. Dawa gani, nani ameiandika, kwa kila mzee peke yake au kwa wote? Baadhi ya dawa za kutuliza wanazopewa wagonjwa wa dimensia huongeza hatari ya kiharusi na kifo. Ndiyo maana huandikwa na daktari aliyemuona mgonjwa, kwa dozi ndogo, kwa muda mfupi, na hurejewa. Mimi simtuhumu mwenye nyumba. Pengine alitaka kukupoza moyo tu, kama alivyokupa soda. Akikutajia jina la dawa na la daktari bila ya kukasirika, hiyo ni dalili nzuri. Akikuambia hayo muachie yeye, umepata jawabu pia.

Uliza na kibali. Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto ndiyo inayoshughulika na wazee Zanzibar. Nenda ukaulize kama nyumba hiyo wanaijua. Sheha wa pale pia ataweza kukuambia mambo ambayo hayamo katika karatasi. Na ukiambiwa kuna siku maalumu za kutembelea na nje ya hizo hapana, ningetaka sababu ya maana kabla sijalipa shilingi.

Kuhusu shilingi hizo. Pencheni jamii ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na leo ni 50,000. Ada ya nyumba ile ni mara tisa yake. Maana yake kila kitu kimekaa juu ya kazi ya mtu mmoja Muscat. Mkataba wake ukikatika, shangazi atarudi kwako ndani ya wiki moja, baada ya kuhamishwa mara mbili, na kila uhamisho humvuruga mgonjwa wa namna hii. Mwambie kaka hivyo wazi. Halafu muulize suala ambalo naona hakuna aliyemuuliza: pesa hizo amezitoa kwa ajili ya nyumba ile, au kwa ajili ya shangazi? Kama ni kwa ajili ya shangazi, zinaweza pia kumlipa mama mtu mzima wa kuja kutwa na mwengine wa kulala, hapo hapo kwako, na binti yako akarudi chumbani kwake. Hilo nalo lina taabu zake. Wasaidizi huondoka bila ya taarifa, wengine hawana subira, na atakayewasimamia bado ni wewe. Ila ni njia ambayo barua yako haikuitaja, kana kwamba fedha za Muscat zina mlango mmoja tu.

Mdogo wako naelewa anakotoka. Amekulia Wete, Limbani iko pale, na hizo nyumba za Serikali, Limbani na zile za Sebleni na Welezo hapa Unguja, zimewekwa hasa kwa wazee wasio na wa kuwaangalia. Kwake kumpeleka shangazi popote panapoitwa nyumba ya wazee ni kutangaza kwamba hana watu. Haya yake ina mapenzi ndani, usiidharau. Lakini mpe masuala yale yale uliyompa mwenye nyumba. Usiku nani yuko macho? Kisima kiko umbali gani na mlango, na kina mfuniko? Msimu wa karafuu watu wanapoingia mashamba, nani anabaki naye? Na mkewe, ambaye ndiye atakayefanya kazi yote hiyo, ameulizwa yeye mwenyewe, au ameahidiwa na mumewe? Pemba ina jambo ambalo Fuoni haina: mtaa mzima wanamjua "bi mwalimu", akitoka atarudishwa na aliyewahi kula bakora yake. Hilo ni kubwa. Hatari yake ni kwamba pengine atafika kwake, jua litashuka, na atafunga kifurushi adai kwao.

Kama ndugu wanaweza, jaribuni kwanza kwa muda mfupi kabla ya kuhama moja kwa moja. Wiki mbili Wete wakati wa likizo yako, nawe ukiwepo siku za mwanzo. Au siku chache kwenye ile nyumba, kama itapita katika masuala yako. Popote atakapokwenda, aende na msala wake, msahafu, kanga zilizofuliwa kwa sabuni ile ile, na karatasi moja mliyoiandika nyinyi: anaitwaje, amesomesha nini, hali chakula gani, anaogopa nini, na magharibi anatulizwaje. Pencheni yake nani atampokelea na itatumika kwa nini, nalo liandikwe, wote mkijua.

Na yeye mwenyewe? Umesema asubuhi akili yake iko. Siku moja baada ya chai, kabla redio haijawashwa, kaa naye chini umuulize. Usimuulize "unataka kwenda nyumba ya wazee?" Muulize nani angependa amkogeshe. Muulize anapenda kuwa na watu wengi au wachache, na kama angependa kukaa Wete msimu huu. Jawabu lake huenda kesho likawa jengine, lakini litakuwa limetoka kwake, na mbele ya ndugu zako litakuwa na uzito kuliko rai yangu.

Wewe nawe unasema utaanguka. Nakuamini. Kabla ya kikao, waambie ndugu zako unachokihitaji kwa jina na kwa siku: mdogo wako aje Fuoni wiki moja kila baada ya muda mtakaokubaliana, kaka alipe wa usiku kuanzia mwezi huu, mume wako ashike geti siku za Ijumaa ili utoke. Mume aliyekaa kimya mara nyengine anangoja apewe kazi.

Lakini hospitali kwanza, leo. Na majibu ya kichwa yakishatoka tuandikie, kwa sababu mengine yote niliyoyasema hapa yanaweza kubadilika kufuatana na hayo.